Darubini ya kuwindia koyote: Marekani iko dukani, mpakani ina maswali

Kifaa ambacho miaka 20 iliyopita kilikuwa cha wanajeshi, polisi na matajiri wachache, leo kinauzwa Marekani katika maduka ya kawaida ya vifaa vya uwindaji, jirani na mahema na viatu vya porini. Ni darubini ya kidijitali ya kuonea gizani, inayofungwa juu ya bunduki. Kilichoijaza sokoni ni mambo mawili: kushuka kwa bei ya vipuri vya kamera za simu, na haja ya wafugaji na wawindaji wa nchi hiyo kupambana na wanyama wanaotoka usiku, hasa nguruwe pori na koyote.

Habari hiyo ya mbali inawagusa wafanyabiashara wa mipakani kwa njia moja. Nyingi ya darubini hizo zinatengenezwa China, na zinaonekana katika orodha za bidhaa za wauzaji walewale wanaoagizwa simu, taa za sola na kamera za ulinzi. Ni ndogo, nyepesi, na kwa bei ya huko zinaonekana kuwa na faida nzuri. Lakini bidhaa ambayo mkulima wa Texas anainunua Jumamosi asubuhi bila kuulizwa jambo, ikifika Namanga, Mutukula au Rusumo inaulizwa mengi. Anayetia mtaji wake humo anapaswa kujua kwanza soko hilo limejengwa juu ya nini.

Mnyama asiyepungua

Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, wa ukoo mmoja na bweha. Mkubwa wake hafiki uzito wa mbwa mkubwa wa ulinzi. Wengi wana kilo kati ya 9 na 20. Anakula panya, sungura, matunda, mizoga, kuku, na akipata nafasi, wanakondoo na ndama wachanga. Zamani makao yake yalikuwa nyika za magharibi na katikati ya Amerika Kaskazini. Mbwa mwitu wakubwa walipouawa na kumalizwa katika maeneo mengi, koyote alichukua nafasi. Leo yuko katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, yuko ndani ya miji kama Chicago na Los Angeles, na upande wa kusini amefika Panama.

Kwa mfugaji wa kondoo, hasara ni ya kweli. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani za mwaka 2014 zilionyesha kwamba wanyama wakali waliua zaidi ya kondoo na wanakondoo 190,000 katika mwaka huo, na koyote peke yake alihusika na zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Takwimu hizohizo zina upande wa pili ambao hautajwi sana dukani: kondoo wengi zaidi walikufa kwa magonjwa, baridi, matatizo ya kuzaa na uzee kuliko walioliwa.

Serikali yenyewe iko katika vita hivyo. Idara ya Wildlife Services iliyo chini ya wizara hiyo huua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka kwa mitego, kwa bunduki za ardhini na kwa kuwapiga kutoka angani. Jimbo la Utah, chini ya mpango uliopitishwa mwaka 2012 kwa ajili ya kuwalinda paa, huwalipa raia dola 50 kwa kila koyote aliyeuawa na kuthibitishwa.

Kwa nini usiku

Koyote anayeishi karibu na watu hujifunza haraka. Mchana hujificha, jioni na alfajiri hutembea, na usiku ndipo anapofanya kazi zake. Mwindaji wa mchana hukutana naye kwa bahati. Mwindaji wa usiku humfuata katika saa zake.

Mbinu inayotumika sana ni ya kuita. Mwindaji hukaa ukingoni mwa shamba upepo ukimpiga usoni, huku kipaza sauti kidogo kikiwa kimewekwa mbele yake umbali wa makumi ya mita. Kifaa hicho hutoa sauti ya sungura anayelia kwa maumivu, au ya koyote wengine. Mnyama hukaribia kwa tahadhari, mara nyingi akizunguka ili anuse upepo. Zamani wawindaji walimulika kwa taa nyekundu na kusubiri macho yang'ae. Taa hiyo ilimfukuza koyote aliyekwisha kuizoea. Hapo ndipo darubini ya usiku ilipoingia.

Zipo za aina tatu, na tofauti zake ni muhimu kwa yeyote anayefikiria biashara ya vifaa vya macho. Ya kwanza ni ile ya kale ya kijeshi, ambayo ndani yake ina bomba linalokuza mwanga hafifu wa nyota na mwezi. Ni ghali, na mwanga mkali wa mchana unaweza kuiharibu. Ya pili ni ya joto: haihitaji mwanga wowote, husoma joto la mwili wa mnyama na kumchora kama doa jeupe au jeusi kwenye kioo. Nzuri hugharimu kuanzia dola 1,500 hivi na kwenda juu maelfu.

Ya tatu, ya kidijitali, ndiyo iliyoleta wanunuzi wa kawaida. Ndani yake mna kitambuzi cha picha kama kile cha simu janja, kioo kidogo cha kutazamia, na taa ya infraredi ambayo jicho la binadamu haliioni vizuri. Taa ya mawimbi ya nanomita 850 hufika mbali lakini huonyesha wekundu kidogo kwa mbele. Ya nanomita 940 hufichika zaidi lakini hufika karibu. Darubini hii hutumika mchana na usiku, hurekodi video, na nyingi huuzwa kwa dola kati ya 400 na 1,000. Chapa zinazojulikana ni pamoja na ATN ya Marekani, Pulsar yenye makao Lithuania, na Hikmicro na Pard za China.

Udhaifu wake haubandikwi mbele ya boksi. Ukungu, vumbi na majani marefu huirudisha ile taa ya infraredi usoni mwa mtazamaji. Betri huisha haraka kwenye baridi. Na umbali unaoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni umbali wa kugundua kwamba kuna kitu, wala si wa kutambua kitu hicho ni nini. Kati ya kugundua na kutambua ndiko ajali nyingi huzaliwa.

Sheria jimbo kwa jimbo

Hakuna sheria moja ya Marekani nzima kuhusu kuwinda koyote usiku. Texas haina msimu wa kufunga uwindaji wake, na kwenye ardhi binafsi, kwa ridhaa ya mwenye ardhi, huwindwa usiku na mchana. Kansas ilikataa vifaa vya usiku kwa muda mrefu, kisha mwaka 2021 ikaanza kutoa kibali maalumu cha dola 2.50, kwa kipindi cha Januari hadi Machi, na si katika ardhi za umma. California imeendelea kukataza vifaa vya kuonea gizani katika uwindaji, na mwaka 2014 ilikuwa ya kwanza kupiga marufuku mashindano ya kuua koyote kwa zawadi. Vermont na New Mexico zilifuata kwenye marufuku ya mashindano, mwaka 2018 na 2019.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa North Carolina. Mwaka 2012 jimbo hilo liliruhusu kuwinda koyote usiku. Upande wa mashariki wa jimbo hilo ndiko anakoishi mbwa mwitu mwekundu, mmoja wa wanyama adimu kabisa duniani, na ambaye usiku hatofautiki kirahisi na koyote. Mbwa mwitu hao walianza kupigwa risasi kwa kudhaniwa koyote. Mashirika ya uhifadhi yakaenda mahakamani, na Mei 2014 mahakama ya shirikisho ikasimamisha uwindaji wa koyote katika wilaya tano. Novemba mwaka huohuo pande zote zilikubaliana: usiku marufuku katika wilaya hizo, na mchana kwa kibali tu.

Somo la kesi hiyo ni kwamba kifaa kilifanya kile kilichotengenezwa kufanya. Kilimwonyesha mwindaji mnyama gizani. Hakikumwambia ni mnyama gani.

Je, koyote wamepungua?

Hili ndilo swali ambalo mfugaji wa Marekani amekuwa akijiuliza kwa zaidi ya miaka 100 ya sumu, mitego, helikopta na sasa darubini. Jibu la wanasayansi halijabadilika sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California uliotolewa mwaka 1975 ulikadiria kwamba ingelazimu kuua asilimia 75 ya koyote kila mwaka, na kuendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 50, ili kuwamaliza. Sababu ni kwamba koyote wanapopungua, waliobaki hupata chakula zaidi, majike wachanga huanza kuzaa mapema, na watoto wengi zaidi huishi. Nafasi iliyoachwa wazi nayo hujazwa na koyote vijana wanaohama kutoka kwingine.

Hii haina maana kwamba mwindaji hamsaidii mfugaji. Koyote mmoja aliyezoea kula wanakondoo katika shamba fulani akiuawa, shamba hilo hupumzika, pengine kwa msimu mzima wa kuzaa. Lakini kumuua koyote yeyote anayepita hakuna uhakika wa kupunguza hasara, na wakati mwingine huondoa jozi tulivu iliyokuwa ikiwazuia wageni.

Ndiyo maana wafugaji wengi huchanganya njia. Hutumia mbwa wa ulinzi wanaolelewa pamoja na kondoo tangu wakiwa wadogo, uzio wa umeme, taa zinazowaka na kuzima, na kuwazalisha kondoo ndani ya banda. Njia hizo si ngeni Afrika. Nchini Namibia, Cheetah Conservation Fund imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wa ulinzi tangu mwaka 1994 ili waache kuwaua duma. Kenya, Richard Turere, akiwa bado mvulana anayechunga mifugo kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alijulikana duniani kwa taa zake za sola zinazopokezana kuwaka ili kuwafukuza simba wasisogelee boma.

Pesa iko kwenye vifaa

Mfanyabiashara akiitazama hesabu yote, ataona kwamba koyote mwenyewe hana tena thamani kubwa sokoni. Manyoya yake yalikuwa na soko la nguvu wakati makoti ya baridi yenye ukosi wa manyoya yalipokuwa yakipendwa mijini. Mwaka 2021 kampuni ya Canada Goose, iliyokuwa mnunuzi maarufu, ilitangaza kuacha kununua manyoya, na ngozi ya koyote ikapoteza mteja mkubwa.

Uwindaji haukusimama. Mwindaji anayeua koyote wawili kwa mwezi anaweza kuwa amelipia darubini ya dola 700, kipaza sauti cha kuitia, betri za akiba, kiegemeo cha bunduki, risasi na mafuta ya gari. Anayepata faida kwa uhakika katika mnyororo huo ni muuzaji wa vifaa. Soko la namna hiyo lina masharti manne: raia mwenye bunduki kihalali, ardhi binafsi ya kuwindia, sheria ya jimbo inayoruhusu, na kipato cha kutumia kwa burudani. Ukiondoa kimojawapo, soko huyumba. Afrika Mashariki vinakosekana karibu vyote.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania na Uganda zinaruhusu uwindaji, lakini kwa leseni, katika maeneo yaliyotengwa na chini ya usimamizi wa mamlaka za wanyamapori. Umiliki wa bunduki kwa raia ni wa kibali katika nchi zote, na kukamatwa na silaha ndani ya hifadhi bila idhini ni kosa. Hivyo swali la kwanza ambalo afisa atamuuliza mwenye boksi la darubini kumi za bunduki ni jepesi: mteja wako ni nani?

Boksi moja, sura mbili za forodha

Swali la pili ni la uainishaji, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, silaha ziko Sura ya 93. Darubini ya kufungwa kwenye silaha, ikija peke yake, haimo humo. Iko Sura ya 90, kifungu cha 9013. Lakini ikija ikiwa imefungwa kwenye bunduki, au ikaletwa pamoja na bunduki iliyotengenezewa, huhesabiwa pamoja na silaha katika Sura ya 93. Na Sura ya 93 imo katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Wapo watakaosema: basi iandikwe "kamera" au "darubini" tu, kwani haina bunduki. Darubini za kawaida za kutazamia ndege na mandhari zina kifungu chao, 9005, na kamera zina chao, 8525. Kifaa chenye mistari ya shabaha ndani ya kioo na vishikio vya kufungia kwenye mtutu hakifichiki kwa afisa aliyekifungua. Sheria hiyohiyo ya 2004 inalifanya tamko la uongo kuwa kosa, na mzigo unaweza kutaifishwa. Mtaji wa mwaka mzima huishia ghalani.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba Utaratibu Rahisi wa Biashara, ule unaowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha ya pamoja. Darubini iliyotoka Shenzhen kupitia Dubai haiingii humo hata ikiwa moja.

Kuna uzito mwingine kwa wanaopitisha bidhaa kuelekea mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya silaha kwa Kongo mwaka 2003, ambavyo sasa vinalenga makundi yasiyo ya serikali, na kwa Sudan Kusini mwaka 2018. Vikwazo vya namna hiyo hutaja silaha na vifaa vinavyohusiana nazo. Katika barabara ya kwenda Goma au Juba, hakuna askari atakayeamini kwamba darubini ya bunduki ni ya kuwindia bweha.

Hata nchi zinazotengeneza vifaa hivi huvichukulia kwa uangalifu. Makubaliano ya Wassenaar ya mwaka 1996 yanaorodhesha vifaa vingi vya kuonea gizani kuwa vya matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Mwaka 2007 kampuni ya ITT ya Marekani ilikiri kosa la kusafirisha nje kinyume cha sheria teknolojia ya kuonea usiku, na ikakubali kulipa dola milioni 100. Raia anayeinunua dukani kule haruhusiwi, kwa sababu tu ameilipia, kumtumia ndugu yake popote duniani bila kuangalia sheria ya usafirishaji.

Giza la pande mbili

Hofu ya vyombo vya ulinzi ina msingi. Majangili wa faru kusini mwa Afrika wamejulikana kwa kupendelea usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa wanahitaji mwanga bila kuwasha tochi. Darubini ya kidijitali humfanya mtu wa aina hiyo asisubiri tena mwezi.

Upande wa pili wa giza hilohilo wapo askari wa wanyamapori. Mwaka 2016 shirika la WWF lilieleza jinsi kamera za joto zilizowekwa katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya zilivyosaidia kuwakamata majangili zaidi ya 20 katika muda mfupi, na baadaye mpango huo ukapanuliwa kwenye hifadhi za faru. Hapo ndipo mahitaji halali ya teknolojia hii yalipo katika ukanda huu: kwa taasisi, kwa zabuni, kwa hati inayomtaja mtumiaji wa mwisho. Si biashara ya begi la mgongoni.

Kwa mfanyabiashara mdogo, fursa inayotokana na tatizo la mnyama na mifugo iko kwenye bidhaa ambazo mfugaji wa Kajiado, Longido au Karamoja anaweza kuzitumia bila kuulizwa kibali: taa za sola za boma, waya na betri za uzio, tochi imara. Mwenye oda ya darubini mkononi anashauriwa kupata majibu matatu kwa maandishi kabla ya kutuma fedha: kifungu cha forodha kutoka kwa wakala aliyesajiliwa, msimamo wa mamlaka ya silaha ya nchi inakokwenda, na jina la mnunuzi mwenye haki ya kuimiliki. Likikosekana hata moja, oda hiyo ni bora ibaki kwenye orodha ya muuzaji.